Kinyonga hageuki kuwa jani

Masomo: Ayubu 12:7-10, Danieli 1, 1 Wafalme 18:1-16



Mahubiri haya yalitolewa kwanza kwa mdomo, na wengi wenu muliomba yaandikwe katika gazeti letu ili muyasome nyumbani. Nimeyaandika kama nilivyoyakumbuka. Mahali nilipoongeza neno, munisamehe. Mahali nilipopunguza, ni kwa sababu karatasi ni ghali.

Neno lilianzia nyumbani kwangu, siku ya juma, saa ya jioni. Kijana mmoja wa kanisa letu alikuja kunisalimu. Jina lake silitaji, na yeye mwenyewe amenipa ruhusa ya kusimulia. Kijana huyu ana kazi ya Leta kwenye kizuizi kimoja cha barabara. Kazi anayo, karatasi ya kazi anayo, kofia anayo. Mshahara ndio hana. Unakuja mwezi mmoja, unapotea mitatu. Basi anaishi kwa wale wanaopita. Mwenye gunia la makala, atoe kitu. Mwenye baiskeli iliyobeba mihogo, atoe kitu. Mama mwenye beseni la ndagala kichwani, anayetembea tangu saa kumi ya usiku ili awahi soko, naye atoe kitu.

Kabla yake alikuwa amekuja mama mmoja wa kwaya, mwuzaji wa ndagala. Huyu hakuja kushitaki, alikuja kulia tu. Aliniambia hivi: “Papa Mchungaji, kila asubuhi ninamlipa. Jumapili anaimba nyuma yangu, sauti ya pili. Ninasikia sauti yake na wimbo unakufa ndani ya koo langu.”

Kwa hiyo kijana alipofika, nilikuwa tayari na maneno makali. Lakini alinitangulia. Akasema: “Papa Mchungaji, ninajua mama alikuja hapa. Mimi nina swali moja tu. Kinyonga ni nani aliyemwumba? Si Mungu? Akiwa juu ya jani, anakuwa jani. Akiwa juu ya gome, anakuwa gome. Asipogeuka, ndege anamla. Mimi pia Mungu ameniweka juu ya tawi hili. Nisipogeuka, watoto wangu wanaliwa. Nionyeshe zambi iko wapi.”

Ndugu zangu, nilinyamaza. Lile halikuwa swali la mtu mwovu. Lilikuwa swali la mtu aliyefikiri usiku mwingi, na mtu wa namna hiyo hawezi kujibiwa kwa aya moja ya haraka kama vile mtu anafukuza mbuzi. Nikamwambia: “Mwanangu, nipe siku nane.” Nikafunga siku tatu. Siku zingine nilikwenda kwa mtoto wa dada yangu, anayefundisha masomo ya viumbe katika shule ya sekondari, nikaketi mbele yake kama mwanafunzi. Hayo ninayowaambia leo kuhusu wanyama, nimeyatoa kwake na katika vitabu vyake.

Tena angalieni: kijana hakukosa alipowauliza wanyama. Ayubu mwenyewe, alipokuwa katika mateso na marafiki zake wanamchosha kwa maneno, aliwatuma kwa wanyama, kwa ndege, kwa samaki wa bahari, wakafundishwe nao. Kosa la kijana ni lingine. Aliuliza, lakini hakungoja kusikia jibu lote.

Tuanze na huyo kinyonga. Wazee wetu hawakumpenda. Katika hadithi za makabila mengi, yeye ndiye aliyepewa ujumbe wa uzima kwa wanadamu, akachelewa njiani kwa mwendo wake wa kusitasita, na mwingine akafika mbele na ujumbe wa kifo. Hata leo watoto wakimwona wanakimbia au wanamtupia jiwe. Lakini mutazameni vizuri. Vidole vyake vimeungana mafungu mawili, kama koleo, ili ashike tawi jembamba bila kuanguka. Mkia wake ni mkono wa tano. Jicho moja linatazama mbele na lingine nyuma, kila moja kwa safari yake, kama mama mwuzaji anayeangalia wanunuzi na mtoto wake kwa wakati mmoja. Ulimi wake, akiutupa, unapita urefu wa mwili wake. Mtu mpole hivyo, asiyeweza kukimbia, amepewa vitu hivi vyote ili asife njaa juu ya mti. Hiyo kweli ni hekima, na aliyeiweka tunamjua.

Sasa rangi. Sisi sote tuliambiwa utotoni kwamba kinyonga huchukua rangi ya kila kitu anachokigusa. Mweke juu ya kitambaa chekundu, atakuwa mwekundu. Mpwa wangu alicheka sana. Akaniambia: “Mjomba, jaribu.” Kinyonga hawezi. Rangi yake ya kawaida, ya kijani au ya kahawia, ndiyo inayomficha, pamoja na mwendo wake wa polepole unaofanana na jani likitikiswa na upepo. Lakini rangi hiyo ni yake, alizaliwa nayo. Anapogeuka, mara nyingi hageuki ili ajifiche. Anageuka ili aonekane! Dume akikutana na dume mwingine, anawaka rangi kali ili kumwambia: mimi niko hapa. Anageuka mbele ya jike. Asubuhi ya baridi anakuwa mweusi ili apokee joto la jua, na jua likikaza anakuwa mweupe kidogo. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva, katika Uswisi, walionyesha namna inavyofanyika. Ndani ya ngozi kuna chembe ndogo sana zinazorudisha mwangaza kama vioo. Kinyonga akiwa mtulivu, chembe hizo zinakaa karibu karibu, na ngozi ni ya kijani. Akichafuka moyo, zinaachana, na ngozi inakuwa ya manjano, hata nyekundu.

Mumesikia? Rangi ya kinyonga ni habari za ndani yake. Akikasirika unaona. Akishindwa unaona. Akisikia baridi unaona. Huyu tunayemwita mnafiki wa msituni, hana hata nguvu ya kuficha moyo wake! Mnafiki ni sisi, tunaocheka na mtu huku tumbo linachemka, tunaoimba sauti ya pili nyuma ya mama tuliyemnyang’anya alfajiri. Tumemsingizia kinyonga miaka mingi, na mimi mwenyewe nilihubiri juu yake vibaya kabla ya siku hiyo. Leo ninamwomba radhi.

Basi nilipomwambia kijana habari hii, alishangaa, lakini hakukubali mara moja. Akasema: “Sawa, tumwache kinyonga. Lakini kila kiumbe kinajipanga na mahali pake. Hilo huwezi kulikana.” Kweli, siwezi kulikana wala sitaki. Mungu hakuumba viumbe vya kukaa katika maji ya vuguvugu peke yake. Wengine amewaita mahali pagumu mno.

Munamjua kamongo, samaki mrefu kama nyoka, ambaye ndugu zetu wa Kinshasa wanamwita nzombo. Anakaa katika matope na majani ya kando ya maziwa na mito yetu, katika maji yaliyolala ambamo samaki mwingine angekosa pumzi. Huyu amepewa mapafu. Anapanda juu, anavuta hewa, anashuka. Na ajabu ni hii: mapezi yapo, magamba yapo, ni samaki kamili, lakini ukimshikilia chini asifike juu, anakufa maji. Samaki anayekufa maji! Mahali ambapo kiangazi kinakausha dimbwi, jamaa zake wanachimba shimo katika matope, wanajikunja, mkia juu ya macho, wanatoa ute unaokauka na kuwa kama shuka la kuwafunika, wanaacha tundu dogo la kupitisha pumzi. Humo wanangoja. Miezi mingi, na wengine waliowekwa na wataalamu wameishi namna hiyo hata zaidi ya mwaka, bila kula, bila kunywa. Moyo unapiga polepole. Mwili unajila wenyewe kidogo kidogo, nyama ya misuli yake. Hata uchafu wa mwili ambao ungemtia sumu, anaugeuza kuwa kitu kisicho kikali na kuuweka hadi mvua.

Nilimwuliza kijana: “Kamongo akikaa mwaka mzima ndani ya matope, anakuwa matope?” Akacheka. “Hapana, Papa.” Nikamwambia: “Mvua ikinyesha anatoka nani?” Akasema: “Anatoka kamongo.” Amekonda, ndiyo. Amepoteza nyama yake mwenyewe. Lakini tazama ni nyama ya nani aliyoila: ni yake! Hakula ya jirani.

Hapo kijana alinyamaza kwa muda. Mimi pia. Mke wangu akaleta chai.

Ndugu, ningeweza kusimama hapo nikasema Amina. Lakini mahubiri ya kweli hayachagui wanyama wanaomsaidia mhubiri tu. Lazima niwaambie na habari ya mnyama mwingine, ambaye habari yake haikunipendeza.

Ninyi munaoishi kando ya Tanganyika munajua ndagala na lumbu. Sasa sikilizeni. Ziwa Kivu zamani halikuwa na samaki wa kukaa katikati, mbali na ukingo, na kula vidudu vidogo vinavyoelea katika maji. Ziwa lile ni la ajabu: chini yake kuna gesi nyingi na hakuna pumzi ya samaki. Wanaishi katika sehemu ya juu tu. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1950, wataalamu wa serikali ya Wabeleji walichukua vifaranga vya samaki wa Tanganyika, wakavipeleka Kivu. Nia yao kubwa ilikuwa ndagala. Ndagala hakushika. Aliyeshika ni lumbu, aliyekwenda pamoja naye bila kutazamiwa sana. Kwa miaka mingi hakuna aliyemfikiri. Kufika miaka ya 1970, watu wakagundua kwamba ziwa limejaa. Leo watu wa Bukavu na Goma wanamwita sambaza, na ndiye mboga ya watoto wengi wa Kivu. Usiku bila mwezi, wavuvi wanafunga mitumbwi mitatu pamoja, wanawasha taa, wanaimba huku wakipiga makasia, na samaki wanafuata mwangaza.

Huyo sambaza alijipanga vizuri na mahali pake. Kivu hakui mkubwa kama ndugu zake waliobaki Tanganyika. Mwili umepungua, chakula kimebadilika, na bado anaishi na kuzaa. Ningependa kuwaambia: tazameni mgeni aliyebarikiwa ugenini! Na kuna kweli hapo, hasa kwa ndugu zetu waliokimbia vita na kujenga upya mahali wasipozaliwa. Lakini habari haiishi hapo. Kati ya vile vidudu vidogo vya ziwa kulikuwa na kimoja kikubwa kidogo kuliko vingine. Sambaza alikila. Alikila mpaka kikaisha. Wataalamu wanakitafuta katika Kivu na hawakioni tena.

Sambaza hana kosa. Hakuna aliyemwuliza. Samaki haulizwi habari ya jirani yake. Anafungua mdomo na anaishi. Mumwelewe Mchungaji vizuri, maana katika nchi yetu maneno ya namna hii yamemwaga damu: sisemi juu ya mgeni na mwenyeji, na mtu asitoke hapa akaenda kusema Mchungaji amewasema waliokuja. Ninasema juu ya mdomo. Mnyama akijipanga na mahali, swali ni moja: je, anaishi? Mtu akijipanga na mahali, maswali ni mawili: je, anaishi? Na nani amepungua ili yeye aishi? Hilo la pili Mungu hakumwuliza sambaza. Kaini aliulizwa.

Katika nchi yetu tuna kifungu cha sheria ambacho kila mtoto anakijua kabla ya kujua kusoma. Artikli ya 15: jitafutie. Tumekitumia tangu wazazi wetu. Hakuna mshahara? Artikli ya 15. Hakuna dawa hospitalini? Artikli ya 15. Na ninasema wazi, kwa sehemu kubwa kifungu hicho kimetuokoa. Mama anayekaanga maandazi usiku ili alipe shule, yule aliyefanya taa kwa kopo la maziwa, aliyelima lengalenga kando ya ukuta wa kambi, huyo ndiye kamongo wetu. Amepewa akili ya kuvuta pumzi mahali pasipo na pumzi. Asidharauliwe na mtu.

Lakini kifungu hicho cha midomoni hakijaandikwa popote. Mpwa wangu, ambaye anapenda kunishangaza, alinifungulia Katiba ya mwaka 2006 tusome artikli ya 15 yenyewe. Munajua inasema nini? Inawaagiza wakubwa wa nchi wahakikishe kwamba jeuri ya kuwanajisi watu inaondolewa, ile inayotumiwa kama silaha. Inahusu kumlinda aliye mnyonge. Niliifunga nikakaa kimya. Kifungu kilichoandikwa kinasema: mlinde mnyonge. Kile cha midomoni, kikiachwa bila Mungu, kinaishia kusema: mle.

Sasa Maandiko. Danieli alipelekwa Babeli akiwa kijana. Alijifunza lugha yao na maandishi yao. Alikubali hata jina lao. Alifanya kazi ya Leta ya wale waliovunja mji wake! Kama angekuwa na roho ya ukaidi tu, angekataa yote, angekufa siku ya kwanza, na tusingesoma habari zake. Alijipanga. Lakini mezani alisimama. Aliomba mboga na maji, na aliomba kwa adabu, akatoa siku kumi za kumjaribu. Wapendwa, alichagua kwa makini mahali pa kugeuka na mahali pa kutogeuka. Hiyo ndiyo kazi ngumu. Kukataa kila kitu ni rahisi, na kukubali kila kitu ni rahisi zaidi.

Na kuna mwingine ambaye hatumhubiri sana: Obadia, mkubwa wa nyumba ya mfalme Ahabu. Hebu fikirini kazi hiyo. Bosi wake ni Ahabu, mke wa bosi ni Yezebeli, anayewaua manabii. Obadia hakuacha kazi. Kila asubuhi aliingia katika nyumba ile, akavaa nguo ya kazi, akainama mbele ya mfalme. Na katika cheo hicho hicho alichukua manabii mia moja, akawaficha katika mapango, hamsini huku na hamsini huku, akawalisha mkate na maji. Wakati wa njaa! Mkate ule aliutoa wapi? Maandiko hayasemi, lakini ulipungua mahali fulani, na mimi ninafikiri ulipungua katika nyumba yake. Alikuwa katika matope ya Ahabu hadi shingoni, na hakuwa matope.

Nilimsomea kijana habari hiyo. Akasikiliza vizuri. Kisha akaniambia neno lililonichoma kuliko yote, na neno hilo ndilo lililonifanya niwahubirie ninyi nyote, wala si yeye peke yake. Akasema: “Papa Mchungaji, nimekubali. Lakini mkubwa wangu anangoja sehemu yake kila jioni. Nisipoleta, ananiondoa kizuizini. Na mke wangu ana ujauzito. Obadia aliwalisha manabii. Mimi nani atanilisha?”

Wapendwa, muliokuwa munaitika Amina tangu mwanzo, nikalisikia swali hilo nikawatazama ninyi katika mawazo yangu.

Mwaka 2004 nilikwenda Goma kuwatembelea ndugu. Mlima Nyiragongo ulikuwa umetoka tarehe 17 Januari 2002, moto ukapita katikati ya mji hadi ziwani. Nilitembea juu ya lile jiwe jeusi, kali, linalokata viatu. Ndugu mmoja akanipeleka nje ya mji, kwenye mawe ya moto wa zamani zaidi, akanionyesha kitu cha rangi ya majivu kilichofunika jiwe kama mvi za mzee. Nilidhani ni vumbi. Akasema: “Hicho ndicho kinachotangulia. Baadaye unakuja ushanga wa majani madogo, halafu miti.” Sikufuatilia. Sasa, baada ya miaka hii yote, mpwa wangu amenieleza. Kile si mmea mmoja. Ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Kuvu anashika jiwe na kutunza maji ya umande. Mwani anapika chakula kwa mwangaza wa jua. Na katika aina hiyo ya milima ya moto kuna na wa tatu, kijidudu kinachotoa mbolea katika hewa, kwa maana jiwe halina mbolea. Mwani akiwa peke yake juu ya lile jiwe, jua linamkausha. Kuvu akiwa peke yake, anakufa njaa. Pamoja wanafunika lava.

Sisi tunamwambia kijana: simama juu ya lava. Ni haki tumwambie. Lakini tunamwambia asimame peke yake! Jumapili tunahubiri juu ya rushwa, tunapiga makofi, tunatoka. Jumatatu yeye yuko kizuizini na mkubwa wake, na sisi tuko wapi? Mimi nilikuwa na siku tatu za kufunga kwa ajili ya swali lake, na sikuwa nimefikiri hata kikombe kimoja cha unga. Hilo ni kosa langu, ninaliungama mbele yenu. Kanisa linaloomba mtu aache chakula cha zambi bila kumwekea chakula kingine mezani, linamtupa tu. Wakristo wa kwanza hawakufanya hivyo. Someni Matendo, sura ya 2 na ya 4, muone kama kulikuwa na mhitaji kati yao.

Hapo ndipo mahubiri ya mdomo yalikoma. Munajua yaliyofuata, lakini nitayaandika kwa ajili ya wale wa parokia za mbali wanaosoma gazeti hili.

Baada ya ibada wazee waliketi, na mama wa kwaya wakaomba neno. Yule mwuzaji wa ndagala alisimama wa kwanza. Nilidhani atadai feza zake. Akasema kwamba likelemba ya mama ina watu kumi na wawili, na wanaweza kuongeza mkono wa kumi na tatu. Kila mmoja atatoa kopo la unga kwa juma, miezi mitatu, kwa ajili ya nyumba ya kijana. Mzee mmoja alipinga. Alisema tukianza na huyu tutamaliza na nani, kwa maana wafanyakazi wa Leta katika kanisa letu si mmoja. Ni neno la haki, na hatujapata jibu lake lote. Mama akamjibu: “Mzee, mimi nilikuwa ninamlipa kila asubuhi kwa machozi. Sasa nitamlipa mara moja kwa juma bila machozi. Nimepata faida.” Watu wakacheka, hata yule mzee.

Kijana aliacha kuomba feza za wapita njia. Siku ya kumi na moja mkubwa wake alimwondoa kizuizini, kama alivyotabiri, akamweka katika chumba cha karatasi za zamani, mahali pasipopita mtu. Mshahara bado unakuja na kupotea. Mchana, kazi ikiisha, anatengeneza baiskeli chini ya mwembe karibu na soko, kazi aliyofundishwa na baba yake na ambayo alikuwa ameiacha alipovaa kofia. Amekonda. Mke wake amejifungua mtoto wa kike.

Miezi mitatu ya kwanza ya likelemba inaisha mwezi huu. Wazee wameamua kuendelea, na kupokea nyumba mbili zingine ambazo baba zao walikuja usiku kuongea nami. Kikapu cha unga kiko mlangoni, kwa mashemasi, na kinapokelewa kila Jumamosi kabla ya maombi ya usiku. Asiye na unga alete mihogo mikavu au makala. Majina ya wanaopokea hayaandikwi, wala ya wanaotoa.